Nguzo Niliyoing'oa kwa Mama

Miyuji, Dodoma
Jumatatu, saa tisa alasiri

Nyemo, binti yangu na mama yangu mdogo,

Umeondoka asubuhi kwenda Msalato kumuaga shangazi yako, na mimi namjua dada yangu, hatakuachia kabla hujala ugali wake wa jioni. Kwa hiyo nina saa tatu hivi za kuandika. Nimekaa barazani, karatasi nimeilaza juu ya ubao wangu wa kupigia plasta, na mikono bado ina saruji. Ukiona madoa pembeni usidhani baba yako amelia. Machozi hayaachi rangi ya kijivu.

Mambo ya safari yako ya kazi Tabora sitayaandika. Begi umelifunga mwenyewe mara tatu, maji ya kuchemsha unayajua kuliko mimi, na mwanamume wa Tabora atakayetaka kukudanganya atapata kazi ngumu, maana wewe hudanganyiki kirahisi. Mtu pekee aliyekaribia kufaulu ni mimi. Ndiyo maana nakuandikia.

Wiki iliyopita uliniona kiwiko kimechubuka ukaniuliza, "Baba, hapo pamefanya nini?" Nikakujibu kwamba tofali limenikwaruza. Ukanipaka dawa. Halafu ulipokuwa unafunika chupa ukasema, kama mtu anayeongea na chupa, "Na nikiahirisha kwenda, baba?" Nikacheka sana. Nikakwambia ajira haziahirishwi kama harusi, wenzako wanaitafuta nafasi hiyo kwa tochi. Ukacheka na wewe, lakini uliondoka na macho yako pale pale kwenye kiwiko.

Halikuwa tofali, Nyemo. Nilianguka. Na haikuwa mara ya kwanza.

Tafadhali usisimame. Najua umesimama. Keti umalize kusoma, maana nimeanza na mwisho wa habari, na mwanzo wake uko Makutupora kwa bibi yako. Uongo ule wa tofali sikuutunga mimi, niliurithi kwake.

Bibi yako, ambaye ndiye uliyepewa jina lake, aliishi kwenye tembe lililojengwa na babu yako. Wewe ulilikuta ukiwa mdogo, sijui kama unalikumbuka: ukuta wa udongo, paa la bapa la udongo, ndani giza na ubaridi hata jua la Oktoba likichoma. Katikati ya chumba alicholala palikuwa na nguzo moja iliyobeba paa. Mti mgumu, mweusi, umechongwa kwa shoka. Sehemu moja ya nguzo hiyo, usawa wa kifua cha bibi yako, ilikuwa laini na inang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Niliiona tangu nikiwa mtoto. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ing'ae hapo tu.

Mimi nilikuwa fundi. Wewe umenikuta fundi mzee mwenye mgongo, lakini kuna wakati huku Miyuji mtu akisema "tafuta Yohana" hakuna aliyeuliza Yohana yupi. Nimejengea watumishi wa serikali, nimejengea wachungaji, nimejengea watu waliokuja Dodoma na suti moja. Na kila nilipokwenda Makutupora nikamwona mama yangu akiinama kuingia kwenye mlango wa tembe, niliona aibu. Watu hawakunisema. Ila nilikuwa najisemea mimi mwenyewe kwa niaba yao, na hiyo ndiyo sauti mbaya zaidi.

Nikamjengea nyumba. Msingi nikaupandisha juu, ngazi tatu, maana kwetu nyumba yenye msingi mrefu ndiyo inayoonyesha kwamba mwenyewe ana mtoto. Bati la rangi. Madirisha makubwa. Na sakafu nikaipiga niru, ule uji wa saruji tunaousiriba juu kabisa na kuusugua kwa mwiko wa chuma mpaka uteleze. Niliisugua siku mbili nikiwa nimepiga magoti. Ulikuwa ukisimama mlangoni unaona dirisha la upande wa pili limelala sakafuni. Nikamwita mama aje aone. Akasimama kwenye ngazi ya chini, akachungulia.

"Yohana," akasema, "hii inang'aa kama maji. Sasa mimi nitapita wapi?"

Nikacheka, na majirani wakacheka. Nilidhani ananisifu. Nimekaa na swali hilo miaka kumi na mmoja, na leo nakwambia lilikuwa swali kweli, alikuwa anataka kujibiwa.

Siku ya kuombea nyumba alikuja mchungaji, wakaja wanakwaya, likapikwa pilau. Asubuhi yake nilikuta mkongojo wa mama umeegemezwa mlangoni, nikauchukua nikauficha juu ya zizi lake. Nilitaka wageni wamwone mama yangu amesimama ndani ya nyumba yake bila fimbo. Akasimama, maskini. Alishika mkono wako muda wote wa ibada, wewe ukadhani anakupenda kuliko wajukuu wengine. Alikupenda kweli, lakini siku ile alikuwa anakushika ili asianguke.

Wiki hiyo hiyo nikabomoa tembe. Nguzo nikaing'oa, nikaipakia na mabanzi mengine nikaileta huku, nikasimamishia zizi la mbuzi. Ndiyo ile uliyokuwa unafungia kamba ya kuruka.

Kisha nikafanya kosa ambalo kila mtu alinipongeza. Nilimkalisha. Kwetu ukitaka kumheshimu mzazi unamwambia, "Mama, umechoka, kaa sasa, sisi tupo." Ndoo ya maji nikamnyang'anya. Mchi nikaupa mtu mwingine. Shamba lake la zabibu, ile mistari michache aliyoihudumia tangu kijana, nikamwambia asikanyage tena, kuna mawe, kuna mashimo, ataanguka. Nikamnunulia kiti chenye mto. Akakaa. Kila nilipokwenda nilimkuta amekaa, na mimi nikarudi mjini nimeridhika kama mtu aliyeweka kitu cha thamani kabatini.

Mwezi wa pili wa kukaa kwake nikamwona ana alama nyeusi mkononi. "Mbuzi amenipiga pembe," akasema. Mwezi wa tatu uvimbe juu ya jicho. Mbuzi tena. Nikamkemea mchungaji wa mbuzi, nikauza na beberu mwenyewe, mnyama wa watu asiye na kosa lolote. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini mimi nilikuwa nasaidia kuficha bila kujua.

Kilio kilikuja Alhamisi. Msichana aliyekuwa akimsaidia alikuwa amepiga deki asubuhi, kama tunavyofanya sote, maji na sabuni nyumba nzima. Bibi yako akainuka kitandani ili atoke. Akanyoosha mkono kushika nguzo. Nguzo haikuwepo, Nyemo. Ilikuwa Miyuji, imeshika zizi. Aliniambia mwenyewe baadaye, kwa utulivu, kama anayesimulia habari za mtu mwingine: "Mkono ulikwenda wenyewe." Alivunjika mfupa wa nyonga kwenye sakafu niliyoisugua kwa magoti yangu.

Sehemu iliyofuata unaikumbuka, maana tulimleta hapa na wewe ndiye uliyelala naye chumba kimoja. Mama yako alikuwa ameshafariki, mimi nilikuwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, na hospitali walikuwa wamefanya yao. Nilijua kitakachofuata. Nilikuwa nimeona wazee wengi wakivunjika nyonga. Wanawekwa kitandani, wageni wanakuja na sukari na sabuni, kisha wageni wanakuja na mchele wa msiba.

Halafu akaja nesi Levina na pikipiki yake.

Nakiri sikumpenda. Alikuja kutoka kituo cha afya bila kuitwa, mwanamke mfupi mwenye daftari, akasema wana utaratibu wa kuwafuata nyumbani wazee walioanguka. Nilitegemea apime presha, aache vidonge, aende. Yeye akavua viatu, akakaa kitandani kwa bibi yako, akamwamkia shikamoo, kisha akaongeza salamu ya mbukwa kwa Kigogo kibovu mpaka mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Na swali lake la kwanza halikuwa unaumwa wapi. Akamuuliza, "Bibi, ukiwa kwako, ukiamka usiku kwenda uani, mikono yako inapita wapi?"

Mimi nilikuwa nje ya dirisha nikichanganya udongo. Nikasikia mama anaeleza. Kitanda. Kisha hatua mbili, nguzo. Kisha ukuta, pale penye shimo la taa. Kisha fremu ya mlango. Alieleza njia nzima kama mtu anayemwelekeza mgeni. Miaka yote ile alikuwa anatembea gizani kwa mikono, na mimi nilibomoa njia hiyo kwa siku moja, nikaita maendeleo.

Nesi akauliza, "Na shambani ulikuwa ukianguka?"

"Shambani? Hata siku moja. Kule nyaya za mizabibu ziko huku na huku. Naenda nimeshika, narudi nimeshika."

Umeona, Nyemo? Shamba lenye mawe lilikuwa salama. Nyumba iliyombeba kwa heshima ndiyo iliyomwangusha. Na miguu iliyomwezesha kwenda na kurudi kati ya mizabibu niliidhoofisha mimi, kwa kiti chenye mto.

Halafu likaja lililonikata kabisa. Nesi akamuuliza kwa nini alipoanguka mara za mwanzo hakumwambia mtu. Nami nikaacha koleo. Mama akasema, "Ningesema nimeanguka, mwanangu angenikalisha moja kwa moja. Hata chooni angenipeleka. Afadhali mbuzi."

Afadhali mbuzi. Nilikaa chini pale kwenye rundo la udongo. Nilikuwa na miaka hamsini na mitano, mtu mzima mwenye ndevu, na mama yangu alikuwa ananiogopa kwa sababu nilikuwa nampenda.

Nesi Levina alikuja kila wiki mbili. Hujasahau, najua, maana hapo ndipo ulipoanza kupotea kwangu ukawa wa kazi hii ya kuwasimamisha wazee. Ulikuwa ukimhesabia bibi yako: simama, keti, simama, keti, na yeye anakuapiza kwa Kigogo. Nikapewa kazi na mimi. Nikaweka bomba la chuma ukutani kutoka kitandani mpaka mlango wa choo. Nikaiparuza sakafu ya chumba chake kwa patasi ili ishike mguu. Kwa fundi ni kama kuambiwa uchane shati ulilolishona mwenyewe, lakini nilifanya. Baada ya miezi bibi yako alitembea mpaka getini na ile fremu yake ya chuma ya kutembelea, akasimama akawatukana bodaboda. Aliishi miaka miwili na nusu. Makutupora hakurudi. Mara moja tu aliniuliza mizabibu yake imekuwaje, nikamwambia inazaa. Nayo ilikuwa imekauka zamani.

Huo ni uongo mwingine. Naona mimi ni hodari wa kuutoa kwa watu ninaowapenda.

Sasa nije kwangu.

Mwaka jana ulipoanzisha kile kikundi cha mazoezi ya wazee cha Jumanne pale uwanja wa ofisi ya mtaa, nilikuwa wa kwanza kukutania. Nilikiita chekechea ya wenye mvi. Nilipita njia ile makusudi nikawaona, wazee kumi na wawili, kila mmoja nyuma ya kiti chake cha plastiki, wameinua mguu mmoja kama kuku kwenye mvua. Nikamwona Mzee Chiloba, mwenzangu niliyejenga naye miaka ishirini, anatembea juu ya mstari wa chaki, kisigino mbele ya kidole, ulimi nje. Akaniita, "Yohana, njoo, huku si kwa wagonjwa!" Nikamjibu mimi kutembea nilijifunza zamani. Wote wakacheka, na wewe ukacheka, lakini jioni hukunitania. Uliniwekea chakula ukasema, "Baba, nafasi ipo." Uliyasema hayo maneno mara ngapi, Nyemo? Nikajifanya ninasikiliza redio.

Unajua kwa nini sikuja? Sisi mafundi tuna methali moja tunayoipenda kuliko zote, usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa sababu inatuletea kazi. Nimewaambia watu methali hiyo nyumba kwa nyumba nikiwaonyesha nyufa zao. Ufa wangu niliupaka chokaa.

Mara ya kwanza nilianguka wakati wa mvua, hapa hapa barazani. Nikajisemea ni matope. Mara ya pili bafuni, miezi miwili iliyopita, ulipokuwa kwenye semina. Nililala pale mpaka maji ya ndoo yakapoa, nikisikia watu wanapita nje, na nikaona aibu kuita. Nilikuwa natazama dari nikijiambia nani aliipiga plasta hii, imepinda. Ni mimi niliyeipiga. Mara ya tatu ni ile ya kiwiko, alfajiri, kati ya kitanda na mlango. Nilinyoosha mkono kutafuta kitu cha kushika, hapakuwa na kitu, na kabla sijafika chini nikamkumbuka mama. Mkono ulikwenda wenyewe.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa. Naliandika wazi ili lisije likajificha tena. Niliogopa usingekwenda. Na nikaogopa zaidi ile furaha niliyoisikia tumboni uliposema unaweza kuahirisha. Niliifurahia, mwanangu. Kwa muda wa kupepesa jicho nilikuona uko hapa, unaniletea chai, unanishika mkono mpaka uani, mimi nimekaa. Ilikuwa picha nzuri sana. Kisha nikaona kiti nilichokalia kwenye picha hiyo, na kilikuwa na mto.

Ningeweza kunyamaza mpaka ufike Tabora. Wazazi wengi wangefanya hivyo na kuita huruma. Lakini wewe unakwenda kuingia kwenye nyumba za wazee wa watu kuwaomba wakwambie ukweli kuhusu miguu yao. Utawaombaje wageni kitu ambacho baba yako amekunyima?

Kwa hiyo haya ndiyo niliyoyafanya. Ijumaa nilikwenda kituo cha afya, nikataja mara zote tatu nilizoanguka. Nesi Levina amestaafu, lakini kijana aliyepo alifundishwa naye, akaniuliza mikono yangu inapita wapi. Nilicheka mpaka akashangaa. Amenitazama macho, ameniagiza miwani mpya, na dawa moja ya presha niliyokuwa nainywa kwa kukisia amenirekebishia. Jumamosi nilikwenda kwa Chiloba, nikamwambia. Hakunitania. Alikunja suruali akanionyesha goti lake, akasema, "Mimi mara nne. Unafikiri nilikwenda pale kwa sababu napenda kucheza?" Tumekubaliana kila asubuhi akipita kuelekea dukani atagonga dirisha langu, na nisipojibu ataingia.

Na leo, ulipokwenda Msalato, nimevunja sakafu yangu. Ule mlio uliousikia jana, ukaambiwa naziba ufa, ulikuwa mwanzo wake. Nimechimba shimo katikati ya chumba changu, hatua mbili kutoka kitandani, nikaitoa nguzo ya bibi yako kule zizini, nikaiosha mavi ya mbuzi ya miaka kumi na mmoja, nikaisimamisha. Nimeipima kwa timazi, imenyooka. Nimeizungushia zege. Mbuzi nimewawekea bomba, hawakulalamika. Na ile sehemu laini bado ipo. Nilipoishika nilikuta mkono wangu uko juu yake kidogo, maana mama alikuwa mfupi. Kwa hiyo patakuwa na sehemu mbili zinazong'aa, yake na yangu.

Neno moja tu la kazi yako, na nalisema kama fundi, mimi si daktari. Utakapoingia kwenye nyumba ya mzee, kabla hujasema ondoa hiki, weka kile, tazama ukuta. Utaona mahali pana uchafu, alama ya mafuta ya kiganja, rangi imetoka. Watoto wake watakwambia samahani, tulikuwa tunataka kupaka rangi. Waambie wasubiri. Hapo ndipo mkono unapopita. Na ukikuta ngazi ndefu isiyo na pa kushika, na sakafu inayong'aa kama maji, usimdharau aliyeijenga. Mara nyingi atakuwa amesimama nyuma yako, anasubiri umsifu.

Sasa nimesikia geti, nilidhani ni wewe, kumbe upepo. Namalizia.

Barua hii naiweka juu ya begi lako. Ukifika nitakuwa nyuma nawapa mbuzi maji. Isome yote, kisha njoo. Njoo na hasira ukitaka, unayo haki, nimekudanganya mara tatu na wewe ndiye uliyenipaka dawa. Nifokee mpaka majirani wasikie. Nitakueleza tena yote nikiwa nimesimama. Ila usije na begi limefunguliwa. Ukibaki kwa ajili yangu utanikalisha, Nyemo, na utafanya hivyo kwa upendo, kama mimi nilivyofanya, na siku moja nitaanza kukuogopa na kukutajia mbuzi.

Zege halijakauka. Linataka siku kadhaa kabla ya kuegemewa, kwa hiyo usilijaribu leo hata kama mkono unawasha. Utalijaribu ukija likizo, kwa uzito wako wote.

Na jambo la mwisho, ambalo najua litakuuma. Basi lako linaondoka kesho saa tatu asubuhi. Nitakusindikiza mpaka getini, tutaomba, nitakubebea lile begi dogo. Stendi sitafika. Usinitafute dirishani, usimwambie dereva asubiri kidogo, baba anakuja. Kesho ni Jumanne. Saa tatu kamili nitakuwa uwanja wa ofisi ya mtaa, kati ya Chiloba na yule bibi mwenye kanga ya njano, nimeshika mgongo wa kiti, mguu mmoja juu.

Baba yako,
Yohana